Grisi Ipo, Imekimbilia Ukutani

Tafakari ya juma: Dominika ya 5 ya Pasaka, Mwaka A
Somo: Matendo ya Mitume 6:1-7



Dominika iliyopita niliadhimisha Misa katika kigango kimoja upande wa Nemba, wilayani Biharamulo. Nasema Nemba yetu ya Kagera, isije mtu akadhani nilivuka hadi ile ya mpakani mwa Rwanda na Burundi. Masika yalikuwa hayajakata, na tope la njiani lilikuwa lile la kumvua mtu kiatu. Nilipofika waamini walikuwa wameshaketi na kwaya imeshaanza, ila Mwalimu hakuwepo. Huku kwetu katekista tunamwita Mwalimu, na Mwalimu wa kigango hiki si mtu wa kuchelewa.

Tulimsikia kabla ya kumwona. Sauti ilitokea nyuma ya migomba, kama mtu anayesaga mahindi makavu kwenye mashine ya mkono, ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Watoto waliokaa mbele wakacheka chini chini, mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Mwalimu huyo!" Punde akatokea juu ya baiskeli yake, jasho linamtiririka, maana alikuwa akiisaidia mota yake ya umeme kwa kukanyaga pedali kwa nguvu za miguu.

Baiskeli yenyewe ni Phoenix ya siku nyingi. Mwaka jana mwanawe anayefanya kazi Mwanza alimfungia gurudumu la nyuma lenye mota ya umeme, na betri akaifunga kwenye fremu. Mwalimu anahudumia vigango vitatu, na umri umesogea. Anaichaji usiku nyumbani, asubuhi anapanda kilima bila kuhema. Chombo cha namna hii huku kwetu bado kinawafanya watu wageuke kutazama, ingawa ng'ambo ya mpaka wa Rusumo, mjini Kigali, pikipiki za umeme zinabeba abiria tangu mwaka 2019.

Mlio huo ulikuwa umeanza mwezi mmoja kabla. Mwalimu aliniambia, nami nikamjibu kwa ujasiri wa mtu asiyejua anachokisema: "Mwalimu, paka mafuta kwenye cheni." Akapaka. Cheni ikang'aa, mlio ukabaki pale pale.

Baada ya Misa tuliikokota hadi senta, kwa kijana mmoja fundi baiskeli anayefanyia kazi chini ya mwembe. Aliinua gurudumu la nyuma, akalizungusha kinyumenyume kwa mkono, akaweka sikio.

"Hii mlikuwa mnaifanyia nini?" akauliza.

"Tulipaka mafuta kwenye cheni," Mwalimu akajibu, akinitazama kwa pembe ya jicho.

"Mlipaka nje, na ugonjwa uko ndani. Samahani, Padri."

Nikamwambia asiombe samahani, afungue.

Nilikaa kwenye kigoda nikamtazama kwa saa nzima, na nawaomba mvumilie nikiwaeleza nilichokiona, kwa sababu somo la Dominika hii nililielewa pale chini ya mwembe kuliko mezani kwangu.

Alianza kwa kuchomoa waya wa betri. Akalegeza nati za ekseli, akatoa gurudumu, akalilaza juu ya gunia. Kitovuni mwa gurudumu kuna gamba la mviringo lililofungwa kwa skrubu ndogo. Alizifungua moja baada ya nyingine na kuziweka kwenye kifuniko cha kopo zisipotee kwenye majani. Gamba likagoma kutoka. Hakulilazimisha kwa bisibisi. Aligonga pembeni kwa mpini wa nyundo, taratibu, huku akilizungusha, mpaka likaachia lenyewe.

Ndani ni kama jiko. Katikati kuna gia ndogo ya chuma inayozungushwa na mota. Kuizunguka zimekaa gia tatu za nailoni, zimekaa kama mafiga matatu. Na nje ya hizo kuna duara kubwa la chuma lenye meno upande wa ndani, ambalo ndilo linalosukuma gurudumu. Kazi ya gia hizo ni kupunguza mwendo na kuongeza nguvu: gurudumu likizunguka mara moja, mota imeshazunguka kama mara tano. Piga hesabu. Mwalimu akienda kilomita 20 kwa saa, gurudumu lake la inchi 28 linazunguka kama mara 150 kwa dakika, na mota iliyo ndani kama mara 750. Kutoka kigango hadi kigango, meno hayo yamegusana mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu.

Nilitarajia kuona pakavu, ila grisi ilikuwepo, tena nyingi. Ilikuwa imelala ukutani mwa gamba, nene na nyeusi, imejipanga ukingoni pote kama udongo uliosukumwa na kidole cha mfinyanzi. Fundi akaichota kwa kidole akanionyesha. Kisha akafuta mkono, akapitisha kidole kwenye meno ya zile gia tatu. Kidole kilirudi kikavu, na juu yake unga mwembamba. Huo unga ndio nailoni yenyewe, meno yanayoliwa.

"Unaona, Padri? Grisi ipo. Imekimbilia ukutani. Pale meno yanapokutana hakuna kitu."

Nimekaa na maneno hayo juma zima.

Sasa tufungue somo. Sura ya 6 ya Matendo ya Mitume inatupeleka Yerusalemu, katika Kanisa ambalo bado ni changa. Sura chache nyuma Luka ametueleza habari za kutamanisha: waamini walikuwa na moyo mmoja, waliuza mali zao, hakuna aliyepungukiwa. Roho Mtakatifu alikuwa amewashukia siku ya Pentekoste na tangu hapo hakuondoka. Halafu ghafla tunasikia manung'uniko. Waamini wenye kusema Kigiriki wanawalalamikia wenzao Waebrania kwamba wajane wao wanasahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku.

Je, Roho alikuwa ameisha? Hapana. Mitume walikuwepo na mahubiri yaliendelea. Sala hazikukatika, watu waliongezeka, na chakula chenyewe hakikukosekana. Grisi ilikuwepo Yerusalemu, tena nyingi. Lakini kulikuwa na sehemu moja ndogo, meza moja, foleni moja ya wanawake wenye vyombo mkononi, mahali ambapo watu wa lugha mbili walikutana kila siku na kusuguana kila siku. Pale ndipo palipokuwa pakavu.

Wapendwa, wengi wetu tukisikia kelele nyumbani au katika jumuiya hudhani kwamba upendo umekwisha. Mume anasema, "Mke wangu hanipendi tena." Viongozi wanasema, "Jumuiya imekufa." Mimi nasema, fungua kwanza gamba utazame. Mara nyingi upendo haujaisha, umekimbilia ukutani.

Ingia katika nyumba ya watu waliooana miaka kumi na tano. Ukutani kuna picha ya ndoa, bibi harusi amevaa shela, bwana harusi amesimama wima kama askari, Padri yuko katikati. Upendo wa nyumba hiyo upo, umetundikwa pale juu ya kochi na umewekewa kioo. Lakini meno ya ndoa hayakutani kwenye picha. Yanakutana jioni ile mahindi yameuzwa na hela iko mezani. Yanakutana kwenye ada ya mtoto, kwenye simu iliyoita saa nne usiku ikakatwa haraka, kwenye mgonjwa wa upande wa mume na mgonjwa wa upande wa mke. Hapo ndipo neno la upole linapohitajika, na hapo ndipo mara nyingi linapokosekana. Baba huyo huyo, akisimama kwenye sherehe ya jirani, atamsifu mkewe mpaka watu wapige vigelegele. Sifa hizo ni grisi ya ukutani.

Nami nisijiweke kando. Majuma machache yaliyopita, katika Misa ya Krisma, Askofu alibariki mafuta ya wagonjwa na ya wakatekumeni, akaweka wakfu Krisma, nasi mapadri tukabeba kila mmoja vichupa vyake kwenda navyo parokiani. Vyangu niliviweka kabatini, nikafunga kwa ufunguo kama inavyotakiwa. Siku kadhaa baadaye nikamtembelea bibi mmoja aliyekuwa hawezi kuinuka kitandani. Akaniambia bila ukali wowote, "Padri, nilikuwa nimekusubiri tangu Pasaka." Mafuta yalikuwepo parokiani muda wote huo, yamebarikiwa, ni mapya, na yamo kabatini. Mgonjwa haponywi na mafuta ya kabatini.

Turudi kwa fundi, maana kuna jambo la pili. Nilimwuliza kama hawezi kuzitenganisha gia hizo kidogo zisisuguane, kelele iishe. Akacheka mpaka akaweka chini bisibisi.

"Nikizitenganisha kelele itaisha kweli, Padri. Na baiskeli haitakwenda."

Ndiyo dawa ambayo tungeitoa wengi wetu. Ndugu wawili wakigombana, mmoja ahamie Geita. Kwaya ikigombana, iwe kwaya mbili. Wafugaji na wakulima wakikwaruzana kwenye mpaka wa shamba, kila upande uwe na kigango chake. Hata Yerusalemu dawa hiyo ilikuwa rahisi: Kanisa la Waebrania huku, Kanisa la Wagiriki kule, kila mtu apike chungu chake. Mitume hawakuichagua. Waliita mkutano wote, wale waliolalamika na wale waliolalamikiwa, wakaketi pamoja.

Wahenga walisema meno ya mbwa hayaumani. Ni kweli kwa mbwa, kwa sababu kinywa kina mate. Meno ya gia huumana sana yakikosa grisi. Kazi ya grisi ni kuyawezesha meno kushikana bila kulana, kila jino likimpa mwenzake nguvu iliyotoka kwa mota. Katika familia na katika Kanisa tutaendelea kugusana, kwa sababu ndivyo Mungu anavyolizungusha gurudumu lake. Asiyetaka kuguswa na mtu hatakwaruzwa, na hatafika popote.

Sisi wa kona hii ya nchi tunalifahamu jambo hili kwa uchungu. Wenye umri wanakumbuka mwisho wa Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja tu, wakikimbia Rwanda, na Benaco huko Ngara ikageuka kuwa mji wa maturubai. Huruma ya wenyeji ilikuwepo, na watu walitoa walichokuwa nacho. Lakini siku zilivyozidi, msuguano ulijitokeza penye kuni, penye visima, penye mashamba ya mihogo yaliyochimbwa usiku. Hapakusaidia kumhubiria mama aliyetembea nusu siku kutafuta kuni kwamba wageni ni ndugu. Alichohitaji ni msaada penye kuni na penye maji, kwa sababu ndipo meno yalipokutana.

Jambo la tatu ndilo lililonigusa kuliko yote. Fundi alipozifuta zile gia tukaziangalia kwenye mwanga. Zile tatu za nailoni zilikuwa na meno yaliyoanza kuchongoka, moja likiwa limepasuka pembeni. Kisha akaifuta ile gia ndogo ya katikati, ya chuma. Haikuwa na hata mkwaruzo.

Nailoni imewekwa pale makusudi. Chuma kikigusana na chuma kingepiga kelele barabara nzima, nailoni ni tulivu. Lakini utulivu huo una gharama. Grisi ikikosekana, anayeliwa ni laini, na mgumu hajui kama kuna tatizo. Ungekiuliza kile chuma hali ikoje humo ndani kingejibu, "Mbona mimi sioni shida yoyote?"

Yerusalemu waliosahauliwa walikuwa wajane. Wafafanuzi wengi wa Biblia hueleza kwamba wajane wale wenye kusema Kigiriki walikuwa wametoka ughaibuni, mbali na ukoo wao, hawana kaka wala shemeji wa kuwasemea. Wao ndio waliokuwa nailoni ya Kanisa lile. Na wale waliokuwa wanagawa chakula sidhani kama waliamka asubuhi wakakusudia kumnyima mtu. Walikuwa chuma. Walizunguka, kazi ikaenda, hawakuona mkwaruzo.

Kwa hiyo kila mmoja ajiulize: katika nyumba yangu nani ni nailoni? Huenda ni mke anayenyamaza, au mama mkwe aliyehamia kwetu baada ya msiba. Huenda ni mtoto wa marehemu dada yako, anayekula pamoja na wanao lakini anaoga mwisho na kutumwa wa kwanza. Huenda ni binti wa kazi aliyeletwa kutoka kijijini, ambaye wote mnamwita dada na hakuna anayejua jina la baba yake. Ukiwa wewe ndiye mgumu wa nyumba hiyo, usijipime kwa mikwaruzo yako. Angalia meno ya mwenzako.

Na usiichukie kelele. Ile sauti iliyowachekesha watoto kanisani ndiyo iliyookoa mota ya Mwalimu. Ingenyamaza, gia zingekatika meno siku moja katikati ya kilima, na yeye na betri yake wangerudi wakikokotana. Manung'uniko ya sura ya 6 tumezoea kuyasoma kama aibu ya Kanisa la mwanzo. Mimi nayasoma kama rehema. Mitume hawakuuliza nani ameanzisha maneno, wala hawakuwaambia wajane wavumilie kwa ajili ya Injili. Waliisikia kelele wakaenda kutafuta mahali inapotokea.

Sasa tazameni walichokifanya. Walitaka wateuliwe watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, wasimamie ile meza. Huduma ilikuwa ya sahani na unga, lakini walidai watu waliojaa Roho. Maana yake walimchukua Roho aliyejaa Kanisa zima wakampeleka hasa pale penye foleni ya chakula. Kisha wasomeni kwa majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote saba ni majina ya Kigiriki, na Nikolao alikuwa mwongofu wa Antiokia. Waliokuwa wakilalamika waliaminiwa na kukabidhiwa ufunguo wa ghala. Hapo ndipo Luka anapotuambia kwamba Neno la Mungu likaenea na idadi ya wafuasi ikazidi. Grisi ilirudi kwenye meno, gurudumu likaenda.

Jimbo letu lina urithi katika jambo hili. Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza Jimbo la Rulenge kuanzia 1969 hadi 1996, alikwenda kuishi na kufanya kazi pamoja na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga. Alifundisha kwamba Utatu Mtakatifu hatukupewa utuumize kichwa kama kitendawili, tumepewa tuuige: Nafsi tatu zinazoshirikishana yote. Na mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi, walizifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa jambo la kwanza katika uchungaji wao. Walijua kwamba kanisani siku ya Dominika hatugusani sana. Tunakaa kwenye mabenchi tukitazama mbele, tunapeana amani kwa sekunde chache, tunaondoka. Jumuiya ndipo meno yanapokutana, kwa sababu ndimo alimo yule uliyemkopesha jembe asirudishe.

Lakini hata jumuiya inaweza kugeuka ukuta. Tunasali rozari vizuri, tunaimba vizuri, tunasoma daftari la michango, tunafunga kwa sala. Na wale wawili wasiosalimiana tangu kesi ya mbuzi wamekaa pembe mbili za nyumba ile ile, kila mmoja akijibu "Amina" kwa sauti kubwa kuliko mwenzake.

Namna fundi alivyoipaka grisi mpya nayo ina mafundisho. Kwanza aliiondoa ya zamani yote. Nilipomwuliza kwa nini asiisukume tu irudi kwenye meno, alinionyesha chembe zilizonaswa ndani yake. "Hii imeshabeba unga wa gia. Nikiirudisha itasaga kama msasa." Halafu tena, akasema, yenyewe imechoka. Grisi ni mafuta yaliyoshikwa na sabuni ya aina yake, kama sifongo linavyoshika maji. Ikikaa muda mrefu kwenye joto mafuta hutoka na sabuni hubaki. Ukiitazama utasema ni grisi, ila hailainishi kitu.

Hapo nilikumbuka kitubio. Tunataka kupatana juu ya maneno ya zamani bila kuyafuta. Mtu anakwambia, "Nimekusamehe, lakini sitasahau ulivyonifanyia kwenye msiba wa baba." Huyo amepaka grisi mpya juu ya unga wa zamani, na kesho utasikia mkwaruzo. Fundi alichukua kitambaa na mswaki wenye mafuta ya taa kidogo, akasugua jino kwa jino, akiangalia yasichuruzike kuingia kwenye nyaya za mota, akakausha. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko zote alizofanya siku ile. Kutubu kwa kweli hakufanywi kwa haraka.

Kisha akafungua kopo. Nilidhani atajaza lile gamba lote. Alichota kidogo, kama vijiko viwili vya chai kwa gia zote tatu, akapaka kwenye meno kwa ncha ya kidole huku akizungusha kwa mkono, mpaka kila jino likapata. Nikamwambia, "Ongeza kijana wangu, barabara yetu ni mbaya." Akatikisa kichwa. Ikizidi inaenda kuingia kwenye klachi iliyo katikati ya gia, klachi inateleza, mota inazunguka bure na gurudumu limesimama. Naye akaongeza, "Na nyingine itakimbilia ukutani tu, kama hii."

Wahubiri tusikie hapo, mimi nikiwa wa kwanza. Kuna nyumba hazihitaji semina ya siku tatu, zinahitaji "samahani" moja, isemwe kwa mtu anayehusika, na isemwe siku yenyewe. Maneno matamu yakimwagwa bila kipimo, kwa kila mtu na kila mahali, hufanya moyo uteleze. Mtu anazunguka kwa bidii katika mambo ya kanisa, na hakuna kinachosogea nyumbani kwake.

Kabla ya kufunga, fundi alichukua kalamu ya wino mzito akaandika tarehe upande wa ndani wa gamba. Mwalimu akamwuliza anaandika nini. "Naandika ili tukifungua tena tujue imekaa muda gani. Hii si kazi ya mara moja, Mwalimu." Gia ile yenye jino lililopasuka aliiacha kwa sasa, akamwambia amwagize mwanawe huko Mwanza atafute nyingine, na wakati huo asipakie magunia. Hakumdanganya kwamba grisi itarudisha jino lililokwisha kuvunjika. Kuna madhara ambayo msamaha hauyafuti kwa siku moja. Lazima mzigo upunguzwe, na aliyeumia apewe muda.

Jana jioni Mwalimu alipita parokiani kuchukua hosti. Nilikuwa nimeketi barazani na nilimwona kabla ya kumsikia.

Wapendwa, juma hili nawaomba mambo matatu. Kila jumuiya, kabla ya sala ya mwisho, iulize kwa utulivu swali moja: kwetu hapa meno yanakutana wapi? Msitafute mwenye kosa, tafuteni mahali palipokauka, kisha mwateue wawili au watatu wenye hekima waende pale. Kila nyumba, mmoja aliye mgumu amwulize aliye laini, "Nimekuwa nikikuumiza wapi?" na akijibiwa asijitetee. Na mwenye mgonjwa kitandani asisubiri nipite kwa bahati, anitumie habari kwa Mwalimu. Vile vichupa nimeshavitoa kabatini, viko kwenye mfuko wangu wa safari.